Neno Jekundu la Mpwapwa

Ijumaa, 28 Novemba

Nimeamua kuandika mpaka mvua ziishe, kwa sababu mama amechoka kunisikiliza. Anasema wasiwasi wangu ukikaa kwenye karatasi na yeye atapumua.

Nimepata kazi. Miaka mitatu tangu nimalize chuo nimekuwa nikitengeneza simu za watu pale sokoni Majengo, kando ya meza ya mama ya karanga na ulezi. Leo nimekalia kiti changu mwenyewe katika ofisi ya Makole, hapa hapa mjini. Mradi wetu ni mdogo. Tunatoa tahadhari ya korongo moja tu, lile linalokatiza barabara ya vijijini upande wa Mpwapwa. Kiangazi korongo hilo ni mchanga mtupu, ng'ombe wanavuka wakitafuna. Mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka kwa ghafla huku bondeni jua linawaka, na mtu aliyeingia mguu mkavu hafiki ng'ambo.

Kazi inakwenda hivi. Thobias yuko juu milimani, anapima kina cha maji na kututumia. Bwana Eliakimu, mkuu wetu, anaamua. Mimi natuma uamuzi wake kwa Mama Raheli, mwangalizi wa kituo cha Mpwapwa. Mama Raheli anamwita Matonya kwa redio ya mkononi, na Matonya, anayeshinda pale korongoni, anashusha kizuizi.

Mkataba wangu unaisha Machi. "Ukifanya vizuri tutaongeza," amesema bwana Eliakimu. Sijui vizuri ni kiasi gani.

Jumatano, 3 Desemba

Simu za kule hupoteza mtandao mawingu yakitanda, ila laini ya kompyuta inashika, nyembamba lakini inashika. Kwa hiyo nimetengeneza programu ya kuandikiana isiyo na picha wala vitufe. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi.

Bwana Eliakimu ameitazama kwa muda. "Nasma, yote yanafanana. Mtu akitupia jicho atajuaje lipi ni la hatari? Na usimjazie mama wa watu namba. Mpe neno moja."

Nikaweka maneno matatu na rangi tatu. SALAMA kijani, ANGALIA njano, FUNGA nyekundu. Ili neno lipate rangi, unalitangulizia alama fupi, na mwisho unaweka alama nyingine ya kuikata rangi isije ikamwagikia mistari ya chini. Alama hizo mashine inazimeza, msomaji hazioni. Castory, anayeshughulikia mitambo, amesema imekuwa kama taa za barabarani. Nimeandika FUNGA mara kumi ili nifurahie kuitazama.

Alhamisi, 4 Desemba

Castory ameipeleka programu Mpwapwa kwenye flashi. Amerudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Inafunguka?"

"Inafunguka."

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo imeingia hadi ofisini. Milimani maji ni kidogo, nikatuma SALAMA. Mama Raheli akajibu: *Nimeona.* Hilo ndilo jibu lake la kila siku, hajawahi kuongeza neno.

Mchana alinipigia simu. Bwana Eliakimu alikuwa amesimama karibu yangu akisubiri taarifa ya wiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nauliza, hii thelathini na mbili ya kila siku ni ya nini?"

Sikumwelewa. Nilidhani anasema zile namba zinazopita ukiwasha kompyuta.

"Hayo ni mambo ya kompyuta, mama, usiyahangaikie. Wewe soma neno."

"Haya, mwanangu."

Jumatatu, 15 Desemba

Jua. SALAMA. *Nimeona.*

Jumatatu, 22 Desemba

SALAMA. *Nimeona.* Nikishatuma narudi kusoma mara nne, kama mtu aliyefunga mlango akarudi kushika kitasa. Mama Raheli simjui sura, namjua kwa neno moja tu. Wakati mwingine nahisi neno hilo ni mlango mwingine, na nyuma yake hakuna mtu.

Ijumaa, 2 Januari

Mara ya kwanza ANGALIA. Kina milimani kilifika mita 0.8. Ikifika hapo Matonya anatakiwa kutundika bendera ya njano. *Nimeona*, akajibu Mama Raheli.

Saa tisa dereva wa ofisi akapiga simu. Amepita korongoni, hakuna bendera, Matonya amekaa anasuka kamba. Kwa bahati maji yalishuka yenyewe.

"Huyu mama anasoma kweli?" nikasema.

"Wazee hawa wanaiogopa kompyuta," akasema Castory. "Anabonyeza tu yaishe."

Nikacheka. Nilitaka kumpigia, lakini ningemwambiaje mwanamke wa umri wa mama yangu kwamba hafanyi kazi yake? Bwana Eliakimu amesema atazungumza naye akija mjini mwisho wa mwezi.

Jumanne, 6 Januari

Mawingu mazito upande wa mashariki, hayanyeshi. SALAMA. *Nimeona.*

Jumanne, 13 Januari

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo sitamaliza.

Asubuhi jua kali. Saa nane mchana Thobias aliandika 0.6. Saa nane na nusu, 1.1. Saa tisa kasoro kumi, 1.9, na pembeni ameandika "linapanda". Bwana Eliakimu alikuwa nyuma ya kiti changu.

"Funga," akasema.

Nikatuma FUNGA, nyekundu, na safari hii nikainenepesha herufi. Ilikuwa mara ya kwanza msimu huu.

Saa tisa kasoro saba Mpwapwa ikajibu: *Nimeona. Asante.*

Nikaegemea kiti. Bwana Eliakimu akasema, "Umeona? Ndiyo kazi hiyo," akaenda kunywa chai. Nilijiambia kwamba nimemdhania vibaya mama wa watu, kumbe jambo la kweli likija yuko macho.

Saa kumi kasoro robo simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Matonya, kwa simu ya mpita njia. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo, nikadhani ni lori.

"Mbona hamkusema?" aliuliza. "Mbona hamkusema?"

Kizuizi kilikuwa juu. Bodaboda iliingia korongoni imembeba mwalimu, anaitwa Debora. Walikuwa katikati ya mchanga maji yalipotokea kwenye kona. Matonya alirusha kamba, mwalimu akaidaka, Matonya akamvuta hadi kwenye mawe, mikono yake mwenyewe imechunika yote. Dereva, Geofrey, ameondoka na maji.

Bwana Eliakimu akampigia Mama Raheli mara sita, mtandao hakuna. Akanisukuma kando, akaandika mwenyewe kwenye programu: *Mama, kwa nini hukufunga?*

Jibu likaja palepale: *Nilifunga. Saa tisa, kama mlivyosema.*

Aliusoma mstari ule akiwa amesimama. "Na anadanganya," akasema taratibu.

Jumatano, 14 Januari

Geofrey hajapatikana. Wafugaji wanatafuta kando za korongo wakishuka. Ana watoto wawili. Sijala. Kila simu ikilia, Castory ndiye anayepokea.

Alhamisi, 15 Januari

Amepatikana, yu hai. Amekutwa mbali sana chini, amenasa kwenye mgunga ulioanguka, mguu wa kushoto umevunjika vibaya na kidonda kimeingia matope. Wamemleta hospitali hapa mjini. Nililia chooni, nikatoka nikasema ni vumbi.

Ijumaa, 16 Januari

Mama Raheli amesimamishwa kazi. Bwana Eliakimu amenituma niende Mpwapwa Jumatatu nikachukue kumbukumbu za kompyuta yake. "Nataka kuonyesha ujumbe ulifika saa ngapi," amesema. "Huo ndio ushahidi."

Nina hasira naye mama huyu. Nimeandika hapa ili niikumbuke hasira yenyewe, nisije nikalegea nikimwona.

Jumatatu, 19 Januari

Nilishuka kwenye basi saa tano. Mama Raheli alikuwa akinisubiri kivulini, mwanamke mwembamba, mvi kidogo, kitenge kimenyooka kwa pasi, na daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Nasma? Nilidhani mtu mzima."

Akatangulia njia, nikamfuata. Kituo ni chumba kimoja nyuma ya ghala. Akafungua kufuli, akawasha kompyuta, akanivutia kiti. Ni mashine kuukuu, ya mgongo mnene, ya miaka mingi kabla ya zile tunazotumia Makole. Sikuwahi kuiona. Sikuwahi hata kuuliza ilivyo.

Programu ikafunguka. Nikasoma mstari wa mwisho:

[1;31mFUNGA[0m

Nikapandisha juu. [32mSALAMA[0m. [32mSALAMA[0m. [33mANGALIA[0m. Siku baada ya siku, tangu Desemba. Yote meupe. Hapakuwa na rangi hata moja.

Alama zangu. 1 ni ya kunenepesha herufi, 31 ni nyekundu, 32 ni kijani, 33 ni njano. 0 na m ni ile ya kukata rangi. Mashine za Makole zinazimeza. Hii haizijui, kwa hiyo ilikuwa inazitapika zote kwenye skrini, na huyu mama alikuwa anazisoma, kwa sababu nani angemwambia asizisome?

Mama Raheli akafungua mfuko, akaweka daftari mbele yangu. Alikuwa amechora mistari kwa rula: tarehe, mvua, neno, kina. Tarehe 11 Desemba, mvua 32, salama, kina 0m. Tarehe 2 Januari, mvua 33, angalia, kina 0m. Tarehe 13 Januari, mvua 31, funga, kina 0m. Kando yake kwa mwandiko mdogo: *Nimefunga daftari saa 9.*

"Msimu uliopita mlikuwa mnanitajia kina kwa simu, nami kikizidi namwita Matonya," akasema. "Sifuri nukta nne m. Moja nukta mbili m. Msimu huu nikaona mnaandika sifuri m. Sifuri m si mchanga mkavu?"

"Ndiyo, mama."

"Mkasema angalia. Nikatoka nje nikaangalia mbingu. Ilikuwa nyeupe."

"Na funga?"

"Bwana Eliakimu msimu uliopita kazi ya siku ikiisha alikuwa ananiambia, mama, funga. Maana yake nifunge daftari, niende nyumbani. Nikaona maji sifuri, funga. Nikashukuru, nikafunga, nikabaki kituoni kungoja jua lipungue." Alinyoosha kona ya ukurasa iliyokunjika. "Nilikuuliza, Nasma. Ile thelathini na mbili, niliyoiweka kwenye mvua kwa kukosa pengine."

"Uliniuliza."

"Ulisema ni mambo ya kompyuta."

Nikamwonyesha kwa kidole, alama moja moja, hii ni rangi ya kijani, hii ni nyekundu, hii siyo kina cha maji, ni mimi nimeiandika kwa mkono wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho sitakisahau.

"Kwa hiyo wewe kwako ulikuwa unaona nini?"

"Neno jekundu tu."

"Zuri?"

"Zuri, mama."

Akatikisa kichwa, akazima kompyuta. Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Jumanne, 20 Januari

Nilimweleza bwana Eliakimu kabla sijaweka mkoba chini. Alisikiliza, akainuka kufunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mama Raheli mwenyewe."

"Nasma, nisikilize kama kaka yako. Yule mama ana miaka hamsini na minane. Mkataba wake unaisha Aprili, na hata bila hili tusingeuongeza. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Barua yake nimeshaiandika. Ikienda ilivyo, jambo limekwisha, na programu unaitengeneza kimyakimya."

Aibu ninayoiandika hapa ni hii: nilifikiri. Nilimfikiria mama kwenye meza ya karanga, anavyowaambia wateja kwamba binti yake yuko ofisini Makole. Nilifikiri kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha maji, tena nikiutafuta ubaya wa Mama Raheli ili unisaidie. Kila nilipogusa nilikuta daftari lile lililopigwa mistari kwa rula.

"Naomba barua hiyo uichane," nikasema. "Aliuliza. Mimi ndiye sikujibu."

"Na mimi ndiye niliyetaka rangi. Hilo nalo utaliandika?"

"Nitaandika yote yaliyotokea."

Alikuwa anaogopa, nimekuja kuliona sasa, anaogopa kama mimi ninavyoogopa kila siku, ila yeye ana mlango wa kufunga. "Andika, basi," akasema, akaketi.

Nimeandika kurasa mbili. Nilipofika mahali pa flashi, Castory akasoma juu ya bega langu.

"Weka na langu," akasema. "Niliifungua, nikaona neno Karibu, nikawahi basi. Sikungoja ujumbe hata mmoja upite, wala sikumweleza mama yale maneno matatu yana maana gani." Akatia sahihi chini ya yangu.

Ijumaa, 23 Januari

Mama Raheli amerudishwa kazini. Nimempigia kumwambia rangi zote nimezing'oa. Sasa naandika sentensi nzima kwa herufi kubwa, na kina kwa maneno.

"Haitoshi," akasema.

"Unapendekeza nini, mama?"

"Mimi nikikujibu nimeona, wewe hujui nimeona nini. Niambie nikuandikie nitakachofanya. Ukiona siyo, unanikatalia."

Nimekaa na programu hii karibu miezi miwili sikuwaza hilo.

Alhamisi, 5 Februari

Saa tisa na nusu Thobias aliandika 1.6 na "linapanda". Nikatuma: FUNGA BARABARA. MWAMBIE MATONYA ASHUSHE KIZUIZI SASA. KINA MITA MOJA NUKTA SITA, KINAPANDA.

Dakika tatu bila jibu. Castory akasimama, bwana Eliakimu akasimama. Kisha:

*Barabara imefungwa saa tisa na dakika thelathini na nne. Kizuizi kimeshuka. Matonya amesimama mbele yake. Kuna pikipiki mbili na mkokoteni wa punda, nimewasikia kwenye redio wakilalamika.*

Maji yalifika korongoni baada ya robo saa.

Jumatatu, 9 Februari

Mguu wa Geofrey umekatwa chini ya goti. Kidonda kilikataa.

Leo sikutuma chochote isipokuwa cha kazi.

Jumatano, 25 Februari

SALAMA, na maneno yake yote. Jibu limekuja na maneno yake yote. Mwisho Mama Raheli ameongeza kwamba mtama wake umebeba.

Ijumaa, 20 Machi

Nimepewa barua. Mkataba hautaongezwa. Bwana Eliakimu ameniletea mwenyewe mezani, hakumtuma mtu. Uamuzi umetoka juu, na yeye wamempa onyo. "Nilikuambia," akasema, lakini hakusema kwa ubaya. Mkataba wa Mama Raheli umeongezwa msimu mmoja. Nimemwambia mama yangu jikoni. Aliendelea kupepeta ulezi, kisha akasema meza ya simu bado haijachukuliwa na mtu.

Jumamosi, 28 Machi

Siku yangu ya mwisho ya kazi ilikuwa jana. Leo nimekwenda kwa Geofrey, kijijini kwake, ng'ambo ya korongo. Mchanga ulikuwa umekauka juu, chini bado una majimaji. Niliogopa kuliko siku zote za msimu huu. Mara mbili nilimwambia dereva wa bodaboda iliyonibeba asimame, mara mbili nikamwambia aende.

Nilimkuta ameketi mlangoni, magongo yameegemea ukuta, anachambua mbegu za alizeti kwenye ungo. Ni kijana, pengine ananizidi mwaka mmoja. Nilikuwa nimemchora mtu mzima kichwani, sijui kwa nini. Akaniagizia kigoda.

Nilisema jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya. Nikasema kizuizi kilikuwa juu kwa sababu yangu, si kwa sababu ya Mama Raheli wala Matonya. Nikaeleza rangi, alama, mashine kuukuu, sifuri na m. Nilieleza haraka, macho chini, kama mtu anayevuka. Nilipomaliza nilisubiri anifukuze.

Aliuweka ungo chini.

"Sijaelewa," akasema. "Hiyo rangi, mimi ingenisaidia nini?"

"Isingekusaidia kitu. Ilikuwa ili neno lionekane."

"Na halikuonekana."

"Lilionekana. Ila likasomeka vingine."

Alipangusa maganda kwenye paja, pale suruali ilipokunjwa na kubanwa kwa pini. Ndani mtoto alikuwa akiimba peke yake.

"Basi anza tena," akasema. "Polepole, toka mwanzo, na kalamu kama unayo. Wanangu wataniuliza mguu umekwenda wapi. Maji peke yake si jibu."

Sikuwa na kalamu. Nikasogeza kigoda karibu, nikapangusa mchanga kwa kiganja mpaka ukawa sawa, nikaandika neno la kwanza kwa kidole.